Kumwonea wivu marehemu



Kuna dada mmoja wa kwenye kitabu ambaye amenisumbua kichwa tangu nilipomsoma, na leo nataka tumwangalie pamoja. Hana jina. Yaani kitabu kizima ni yeye anayesimulia, mamia ya kurasa, na mwandishi hatuambii hata mara moja anaitwa nani. Tunajua jina la mume wake. Tunajua hata jina la mbwa wa pale nyumbani. Na zaidi ya yote tunajua jina la mwanamke aliyemtangulia katika ndoa hiyo, kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye jalada: Rebecca.

Riwaya hiyo iliandikwa na Daphne du Maurier, Mwingereza, ikachapishwa 1938. Wengi wanaifahamu kupitia filamu ya Hitchcock ya 1940, au ile ya juzi juzi ya 2020. Ni ya aina inayoitwa riwaya za kigothiki: jumba kubwa la kale, ukungu wa baharini, chumba kisichoguswa, siri, na marehemu ambaye ni kama hataki kuondoka. Lakini humo ndani hakuna mzimu hata mmoja. Rebecca hamtokei mtu. Anayemleta kila siku, asubuhi na jioni, ni huyo dada msimulizi mwenyewe, na anamleta kwa wivu.

(Nitaisimulia mpaka mwisho. Kama hutaki kuharibiwa utamu, kasome kwanza halafu urudi.)

Dada huyu ni yatima, maskini, mwenye aibu, anafanya kazi ya kumsindikiza mama mmoja tajiri wa Kimarekani kule Monte Carlo. Hapo anakutana na Maxim de Winter, bwana wa miaka arobaini na kitu, mjane, mwenye nyumba maarufu iitwayo Manderley. Ndani ya wiki chache wameoana. Mwanaume hamwambii chochote kuhusu mke wa kwanza, isipokuwa watu wanasema alizama baharini mwaka mmoja hivi uliopita na kwamba mume bado hajapona uchungu wake. Basi. Hayo tu ndiyo aliyopewa. Mengine yote anayajaza mwenyewe.

Na hapa ndipo du Maurier anapoonyesha kwamba anaijua dhambi hii kutoka ndani. Wivu wa huyu dada hauanzi na jambo kubwa. Unaanza na mwandiko. Kabla hata ya ndoa Maxim anamwazima kitabu cha mashairi, na kwenye ukurasa wa mbele Rebecca ameandika jina lake kwa herufi ya R ndefu iliyolala, yenye nguvu, kama mtu anayejua anachokitaka. Dada anaitazama ile R. Baadaye anakata ule ukurasa, anauchana vipande, anauchoma moto. Kwa dakika chache anajisikia mwepesi, kama mtu aliyeanza daftari jipya. Halafu anafika Manderley na kuikuta R ile ile kwenye meza ya kuandikia barua. Anavaa koti la mvua la kuazima na kukuta mfukoni hanchifu ya mwenye koti, ina herufi zake na alama ya rangi ya mdomo.

Aliyewahi kukaa usiku akichungulia Instagram ya mtu aliyekuwa na mchumba wake zamani anajua ninachosema. Picha ya miaka mitatu iliyopita. Nani aliweka alama ya kupenda. Alivaa nini. Walikuwa wapi. Mwenyewe nimewahi kufanya hivyo, sitawadanganya, na kitu kinachotisha ni kwamba unatafuta kinachoumiza na usipokipata unasikitika. Mwenye wivu hatafuti ukweli. Akitaka ukweli angeuliza.

Dada wa Manderley hakuuliza. Miezi ile yote hakumwendea mume wake akasema, "Naomba uniambie, ulimpenda?" Sentensi fupi kabisa. Badala yake alikaa akitunga. Alitunga mazungumzo ya Maxim na Rebecca mezani, akatunga jinsi wageni wanavyomlinganisha naye, akatunga wafanyakazi wanavyomcheka jikoni. Kuna mahali ameketi kwenye chakula cha jioni na mumewe, akili imesafiri, yuko ndani ya mwili wa Rebecca, anapokea simu za Rebecca, anatabasamu kama anavyodhani Rebecca alikuwa akitabasamu. Mume anamtazama, anashtuka, anamuuliza umekuwaje, sura yako imebadilika, na hakuipenda sura ile. Nilisimama kusoma pale. Tunadhani wivu unatufanya tumchukie mtu, kumbe unatufanya tumvae.

Baadaye anamvaa kabisa, kwa nguo. Inaandaliwa sherehe ya dansi ambayo kila mgeni huja amejigeuza mtu mwingine. Bi Danvers, msimamizi wa nyumba aliyempenda Rebecca kuliko kitu chochote duniani, anampa ushauri kwa sauti laini: tengeneza gauni kama la ule mchoro ukutani, la yule mwanamke wa ukoo aliyevaa nyeupe. Dada anafanya siri, anafurahi, anashuka ngazi akitegemea mume atafurahi. Mume anageuka mweupe. Rebecca alivaa gauni hilo hilo kwenye dansi yake ya mwisho. Kesho yake Bi Danvers anamsimamisha dirishani, chini kuna ukungu, na kumnong'oneza kwamba hatakiwi hapa, aruke tu, yaishe.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola, katika kanuni zake za kupambanua roho, anamfananisha adui wa roho zetu na mtongozaji mwenye nia mbaya: kinachomtisha ni binti kumwambia baba yake, au mke kumwambia mume wake. Mambo yake yanaenda vizuri yakibaki siri. Yakisemwa mbele ya muungamishi mzuri, au mtu mwingine wa kiroho anayezijua hila hizo, kazi imeharibika. Bi Danvers asingepata nafasi ya kunong'ona dirishani kama Maxim na mke wake wangekuwa wameshazungumza. Na hapa tusimwonee huyu dada peke yake: mume naye alinyamaza, na alikuwa na sababu mbaya kuliko yeye ya kunyamaza.

Sasa tufike pale ninapopataka.

Meli inakwama karibu na Manderley. Mzamiaji anashuka kukagua, anaikuta mashua ya Rebecca chini ya maji, na ndani ya mashua kuna mwili. Maxim anajua mchezo umekwisha. Anamkalisha mke wake na kumwambia yote. Hakuzama. Nilimpiga risasi, kule kwenye kibanda cha ufukweni. Nikaubeba mwili mpaka kwenye mashua, nikaitoboa, nikaizamisha. Halafu anaeleza ndoa yao ilivyokuwa: uzuri wa nje, uongo wa ndani, wanaume wengine, dharau. Alimchukia. Hakuwahi kumpenda.

Jiweke pale. Mume wako wa miezi michache amekuambia ameua mtu. Unasikia nini?

Dada yetu alisikia jambo moja. Hakumpenda Rebecca! Moyo wake unaruka. Msimulizi mwenyewe anatueleza, bila kujificha, kwamba wakati mume anaendelea kutaja bunduki na damu na maji, yeye amebaki kwenye neno hilo moja, analirudiarudia kama mtu aliyeshinda kesi. Mwanamke ameuawa, na yeye anapata usingizi mzuri kuliko siku zote. Kuanzia hapo anabadilika. Aibu imeisha, anaamrisha wafanyakazi, anamjibu Bi Danvers kwa ukali, anamsaidia mume kuficha. Wahakiki wengine wanasema hapo ndipo anapokomaa. Mimi naona hapo ndipo anapopotea, na inatisha zaidi kwa kuwa inafanana sana na kukomaa.

Na mimi msomaji je? Nilikuwa upande wake. Korona alipokuwa anahoji, nilikuwa nabana pumzi nikitaka Maxim apone. Ilitolewa hukumu kwamba Rebecca alijiua mwenyewe na nikashusha pumzi. Baada ya kufunga kitabu ndipo nikajiuliza: hivi nimemshangilia muuaji kwa sababu tu mkewe ni mtu wa huruma? Inasemekana Hollywood ya wakati ule iliona tatizo hili haraka kuliko mimi, maana kanuni zao za filamu hazikuruhusu mume aue mke na asiadhibiwe, kwa hiyo kwenye filamu ya 1940 Rebecca anaanguka na kufa kwa bahati mbaya. Ni rahisi zaidi hivyo. Ila kitabu ndicho chenye ukweli mchungu, kwa sababu kinatuacha tukiwa na huo mwili.

Katika mazungumzo yetu ya vijana tumezoea kuuchukulia wivu kama ugonjwa wa mwenye wivu. Anajiumiza, tunasema, anakonda bure, mwacheni. Na wengine wanausifia kabisa: asiyekuonea wivu hakupendi. Hata Biblia wanaileta, kwamba Mungu mwenyewe katika kitabu cha Kutoka anajiita mwenye wivu. Ni kweli anajiita hivyo. Lakini wivu wa Mungu ni wa yule anayejua kwamba sanamu zitatula, anatulilia sisi. Hana anachopungukiwa tukiondoka. Wivu wa dada wa Manderley ulikuwa unamlilia nani? Haukumlilia Maxim. Ungekuwa unamlilia Maxim, ungesikia alipokuwa anaungama dhambi ya mauti mbele yake, na ungeona kwamba mtu huyu unayesema unampenda yuko kwenye hatari kubwa kuliko kamba ya kunyongwa.

Hilo ndilo lililonishika. Angeweza kumpenda pale. Nafasi ilikuwa wazi kabisa. Mwanaume anatetemeka, kwa mara ya kwanza anasema ukweli. Mke angeweza kumshika mkono na kusema: sitakuacha, na tutakwenda pamoja kusema haya tunapopaswa kuyasema. Upendo ungekuwa na sura hiyo. Yeye alimshika mkono, hilo alifanya, na akasema sitakuacha, hilo nalo alisema kwa namna yake. Iliyobaki hakuisema, kwa sababu kwa upande wake hapakuwa na tatizo tena. Mpinzani ameondolewa.

Mfalme Sauli alipita njia hiyo hiyo. Wanawake walitoka na matari wakaimba kwamba Daudi ameua wengi kuliko yeye, na Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 18, kinasema tangu siku ile akawa anamwangalia Daudi kwa jicho la wivu. Wimbo mmoja tu. Hakusikia tena kitu kingine. Daudi akimpigia kinubi kumtuliza, anasikia mpinzani. Mwanawe Yonathani akimsihi, anasikia msaliti. Masikio yalikuwa mazima, ila kulikuwa na nafasi ya sauti moja tu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2539 na 2540, inauita wivu huo dhambi ya kichwa na inaueleza kama huzuni: kusikitika kwa sababu ya mema ya mwingine, na kwa hiyo ni kukataa upendo. Huzuni kwa mema ya mwingine. Ukiugeuza upande wa pili unapata alichokipata dada huyu, yaani furaha kwa mabaya ya mwingine. Rebecca alipodhaniwa kupendwa, yeye aliumia. Rebecca alipojulikana kuwa alichukiwa na kuuawa, yeye alipona. Haikuwa dawa, ni ugonjwa ule ule umelala upande mwingine.

Lakini naomba tuwe waangalifu, kwa sababu najua kati yetu kuna wanaoteseka kwa dhamiri kwa kila hisia inayopita. Ule mchomo wa kwanza wa moyo si dhambi. Katekisimu hiyo hiyo, namba 1767, inasema hisia kwa zenyewe si njema wala si mbaya. Kinachohesabiwa ni jinsi akili na utashi vinavyohusika. Umeona jina kwenye simu yake, tumbo limekaza: bado hujatenda kitu. Dada wa Manderley asingekuwa na hatia kwa kushtuka alipouona ule mwandiko. Alianza kuwa na la kujibu aliporudi kuutazama, akautazama tena, akajenga nyumba nzima juu yake na kuhamia humo.

Kuna tukio dogo ambalo wengi hulisahau. Siku za mwanzo Manderley anavunja sanamu ndogo ya kaure, ya thamani, iliyokuwa kwenye chumba cha Rebecca cha kuandikia. Anaogopa. Anaficha vipande ndani ya droo, nyuma ya karatasi. Baadaye kijana mmoja mtumishi anatuhumiwa kwamba ameiba au amevunja, kunakuwa na kesi pale nyumbani, mpaka anakiri kwa aibu kubwa. Ni mwenye nyumba halali! Angeweza kusema palepale, "Jamani, nimevunja." Wivu ulikuwa umeshamwambia kwamba yeye ni mgeni hapa, kwamba kila kitu ni cha yule mwingine, na mtu anayejiona mgeni ndani ya baraka zake mwenyewe huishi kama mwizi. Na tazama nani aliyekaribia kulipa: mtumishi.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu alisumbuliwa na swali la kwa nini Mungu hawapi wote sawa. Alipokuwa mdogo, dada yake Paulina alichukua bilauri kubwa ya baba yao na kidude kidogo cha kuvaa kidoleni wakati wa kushona, akavijaza vyote maji, akamuuliza kipi kimejaa zaidi. Mtoto akaelewa. Huyu dada wa Manderley alikuwa kidude kidogo kilichojaa. Maxim alikuwa anampenda kwa sababu hakuwa Rebecca: unyenyekevu wake, ukweli wake, nguo zake zisizo na fahari. Yote aliyoyaonea aibu ndiyo yaliyopendwa. Alitumia miezi yote akijaribu kuwa bilauri ya mtu mwingine. Na bilauri yenyewe, kumbe, ilikuwa imepasuka: daktari wa London anatoboa mwishoni kwamba Rebecca alikuwa na saratani, amebakiza miezi michache, na asingeweza kuzaa. Mwanamke aliyeonewa wivu na nyumba nzima alikuwa anakufa, amelibeba jambo hilo peke yake, na hakumwambia mume.

Hapo namhurumia Rebecca. Sijui kama du Maurier alitaka nimhurumie. Tunayoyajua juu yake yote tumeyapata kwa midomo ya mtu aliyemuua, mtu aliyemwabudu na mtu aliyemwonea wivu. Ukiletwa mbele ya jumuiya yenu na mashahidi hao watatu, utabaki na sura gani? Pengine alikuwa mbaya kama Maxim anavyosema. Hata hivyo, mbaya naye ana haki ya kutouawa, na ana haki ya kuombewa.

Yupo na mwingine. Miezi kama miwili baada ya Rebecca kutoweka, bahari ilikuwa imetupa mwili wa mwanamke mbali na pale. Maxim alienda kuutambua, akasema ndiye, akijua siye. Mwanamke huyo akazikwa kwenye kaburi la ukoo wa de Winter kwa jina la Rebecca. Alikuwa nani, binti wa nani, nani alikuwa anamsubiri nyumbani, kitabu hakituambii. Naye hana jina. Dada msimulizi, asiye na jina, hakai hata jioni moja kumfikiria. Hakuwa mpinzani wake, kwa hiyo hakumwona kabisa.

Ukirudi sura za mwanzo, baada ya kujua yote, utawakuta Maxim na mke wake wako mbali na Uingereza, wanaishi kwenye hoteli ndogo za ugenini. Manderley imeungua moto. Wako wawili tu, hakuna mtu wa tatu, kama alivyotaka. Anamsomea mumewe magazeti kwa sauti, habari za kriketi zaidi, na anachagua kwa uangalifu kurasa zisizotaja chochote kitakachomkumbusha. Kuna majina ambayo hayatajwi kati yao. Halafu usiku analala, anaota yuko Manderley tena, na akiamka anaanza kutusimulia habari za Rebecca.